Moyo Yenye Haikimbie

Kamina, tarehe 9 mwezi wa pili 1999

Kaka yangu Esdras,

Barua yako ya Bulaya ilifika, pasteur njo aliileta. Huku mihogo ilikomaa, na Shekina, mutoto yangu, sasa anajua kusoma.

Nilisoma mara mbili pale unaeleza kazi yako ya laboratoire. Unasema ku moyo kuko milango, adrenaline, ile dawa mwili inatoa mu woga, inapigaka odi pale, moyo inaanza kukimbia. Na munazalisha panya zenye hazina ile milango: hata mukizishtua, moyo inapiga tu polepole.

Sikukuambia bado. Bwana yangu Mukalay alipeleka train ya basoda, ba askari ya vita, kuelekea Kabalo mu mwezi wa kwanza. Balirudisha kofia yake tu.

Ku matanga bamama balilia mpaka sauti zilikatika. Minyi niliikala pa mukeka, macho makavu, nafikiri chumvi yenye iliisha ku nyumba. Mama-mukwe akasema mbele ya bantu yote:

“Hana hata chozi moja! Njo yeye alimukula mutoto yangu mu uchawi.”

Pa Pasaka familia yabo itaikala kikao juu ya kuninyanganya Shekina.

Basi umuandikie mama-mukwe karatasi, utie tampon, ule muhuri ya laboratoire, umuelezee kama kuko moyo ya vile, na haiko bulozi.

Lakini mbele ya kumuandikia, unijibu minyi kwanza: ile panya, mukiinyanganya mutoto, moyo yake inakimbia? Nauliza juu niliwaza ile siku ya Pasaka, niliweka mukono pa kifua, na yangu inapiga tu polepole.

Ni minyi dada yako,
Salomé