Chupa Zilizonuka Siki

5 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kikohozi kimekuacha. Mimi mzima wa mwili tu. Miaka miwili sijakuandikia wala sina kisingizio. Nilikuwa naona aibu.

Ule unga wetu umegoma. Unaukumbuka, ule wa madini yaliyoungwa kwa vijinyuzi vya kaboni, wenye vitundu vya kunasa unyevu hewani? Gramu moja ukizikunjua kuta zake zote zingetanda nusu uwanja wa mpira. Ulinicheka, ukasema nimejenga nyumba ya vyumba vingi na mpangaji hakuna. Basi tangu uondoke maabara, hakuna fuwele hata moja iliyoota. Linatoka tope. Mkuu wangu anadhani matokeo ya kwanza niliyatunga, na amenipa hadi mwisho wa Mei nithibitishe.

Nimekagua kila kitu. Kilichobadilika ni mwosha chupa tu. Naomba uniambie ulikuwa ukiziosha vipi.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, ngazi napanda kwa kubembeleza. Kikohozi kimekwisha. Yaani miaka miwili kimya, halafu unabisha hodi kuulizia chupa! Nilicheka mpaka chai ikapoa, kisha sikucheka tena.

Nilizisugua kwa sabuni, nikazisuuza mara tatu. Maji ya bomba lile yaliacha utando mweupe, kwa hiyo mwishoni nilizipitisha kwenye siki na kuzifudikiza kichanjani. Hakuna aliyeniagiza. Nilijua wewe ndiye unayezitumia, nikataka zing'ae.

Ndiyo siki uliyoinusa. Ukaandika ripoti kwamba mwosha vyombo ni mzembe na mchafu, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshafukuzwa. Kila nikiomba kazi wanataka barua ya mwajiri wa mwisho. Nikiwaonyesha, wanaikamata kwa ncha za vidole. Sasa nafulia watu nguo hapa nyumbani.

Jaribu siki. Nami nakuomba kitu kimoja: niandikie barua yenye jina langu, useme sikuwa mchafu.

Shangazi yako

2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Pole na goti, na pole na kufua.

Nilitia matone machache ya siki, nikaacha chupa kwenye tanuri. Kesho yake fuwele zilikuwa zimejaa chini, safi kama chembe za sukari. Siki huyachelewesha madini kushikana na nyuzi, yakajipanga bila pupa. Kumbe matokeo yangu yalikuwa ya mkono wako. Wenzangu walinipigia makofi, mimi nikaenda kulia chooni.

Kuna jambo hulijui. Siku ile unaondoka, mkuu aliniuliza kama tuna undugu, maana tunafanana pua. Nikasema hapana. Wewe uliyenilea tangu mama afariki! Ningekubali, ningelazimika kukutetea.

Barua nitaiandika. Nangoja makala ya utafiti huu ichapishwe kwanza, nisije nikamuudhi mkuu. Humo nitakutaja.

Mwanao

17 Novemba

Mwanangu,

Hujambo? Mimi naendelea hivyo hivyo.

Barua haijafika. Makala nimeiona. Binti wa jirani, anayesomea ualimu wa sayansi, aliitafuta akanitafsiria tukiwa tumekaa katikati ya mabeseni. Majina sita juu, lako la kwanza. Hongera, nasema kwa moyo mweupe. Nikamwambia aende mwisho, kwenye shukrani. Alisoma mara mbili akidhani ameruka mstari: "Tunamshukuru msaidizi mmoja kwa ushauri wake kuhusu uoshaji wa chupa."

Nikaitoa ile barua ya kunifukuza. Naiweka pamoja na cheti chako cha shule ya msingi. Humo jina langu limeandikwa mara tatu, kamili, mpaka la babu yako. Siku ile mlijua kuliandika.

Habari ya pua niliisikia. Nilikuwa bado mlangoni nafunga viatu. Nikavifunga polepole, nikidhani utanifuata nje.

Kesho nina nguo nyingi, niishie hapa. Binti wa jirani ameniuliza huyu mwenye jina la kwanza ni nani kwangu. Nimemwambia ni mwanangu.

Wasalaam,
Msaidizi mmoja