Makoti ya Theluji Inashuka Mubi

Juma tatu, 17 mwezi wa ine

Nimeanika tangu asubui. Ukungu haijatoka ku mulima, makoti haikauki. Nageuza, nageuza tena. Njo ile bale ya mitumba ya binti yangu Solanje, ilipanda na lori kutoka Goma mupaka hapa Kingi. Alifikiri iko majaketi ya kawaida. Kufungua: koti nene kama ndama, suruali yenye kamba ya mabega, kombinezo nyekundu yenye kufunika muntu kutoka shingo mupaka miguu. Nguo ya theluji. Nguo ya wazungu wenye kuteleza juu ya mbao.

Nafua nguo ya bale tangu ujana. Koti yenye kuvaliwa haijifichi: shingo inakuwa nyeusi, kiwiko inang'aa, mufuko inatoboka. Hizi, hapana. Shingo safi. Mingine iko na karatasi ya duka bado mu mukono. Ku zipu ya moya kulikuwa tiketi ndogo. Solanje aliangalia mu telefone yake akasema njo ya kupandishwa ku mulima na kamba ya chuma, siku ile moya. Tena akasema mwenye kuteleza anaweza kuwa na koti tatu na suruali ine, anavaa moya, juma moya tu mu mwaka muzima. Zingine zinalala mu kabati. Nilicheka mupaka nikakaa chini. Kisha nikasikia huruma ya ile makoti.

Bwana yangu, papa yake, hakucheka. Alisema ku meza, wote tukisikia: masini ya kushona ya Solanje inangoja mupaka mavuno ya maharagi. Ikiwa haijapata kazi ya kweli, inauzwa, tunaongeza kipande ya shamba. Solanje akatoa sahani. Huyu mutoto alimaliza kozi ya kushona kabla ya wenzake wote. Mukono yake haitetemeki. Na masini njo mukono yake ya tatu.

Juma tatu njo mwanzo wa juma, hakuna kulia.

Juma tano, 19

Soko ya Kingi. Hakuna.

Wachungaji wa ngombe walikuja, walishika, walisifu. Mumoya alivaa ile ya kijani akatembea nayo kama shefu wa kijiji. Kisha akavua. «Mama Solanje, niko na koti.» Nikamuambia koti yake imetoboka, jua inapita ku mugongo. «Njo hivyo, lakini niko nayo.»

Muntu wa mulima akiwa na koti, iko na koti. Atavaa mupaka ianguke yenyewe. Kule kwa wazungu wako nazo mingi hawavai, huku tunavaa moya hatutaki ya pili. Na Solanje yuko katikati na bale.

Nimepata wazo. Mubi. Kule ku barabara ya katikati ya misitu, kwa mudogo wangu Feza, kuko machimbo, duka, motari kila mahali, wale wenye kubeba watu na pikipiki. Motari anakimbia na upepo mu kifua. Yeye njo anasikia baridi kuliko wote. Nimemuambia Solanje aongeze pamba ku mabega na ku kifua, aitoe ndani ya suruali. Aliniangalia kidogo. Kisha akaanza. Mutoto anatii mama. Nimefurahi sana na wazo yangu.

Juma mosi, 22

Kazi ya makoti imeisha. Nene, nzuri, inasimama yenyewe. Kichwa ya masini tumeifunga ndani ya kombinezo nyekundu, kama mutoto muchanga. Meza tutaazima kule.

Papa hakukataza. Alisema tu: «Mutembee mchana.» Halafu akaenda kukaza kamba mwenyewe, mara mbili. Mimi siwezi kula. Barabara. Bariyeri ya askari. Tope. Daraja za mbao. Nimeomba mupaka maneno imeisha.

Juma ine, 25

Tumefika. Mungu iko.

Tulilala njiani kwa wakristo. Mvula kidogo tu. Ku bariyeri waliuliza mutoto gani anabebwa na hana kilio, Solanje akafungua wakaona masini, wakacheka wakatuacha.

Lakini iko jambo. Tukishuka, nilivua tiriko, sweta yangu. Mbele kidogo nikavua kitambaa ya shingo. Kufika Walikale jasho ilikuwa inaingia mu macho. Nikauliza motari mwenye kunibeba kama ni siku mbaya ya joto. Akasema: «Mama, leo iko baridi.»

Niliangalia mizigo. Solanje naye aliangalia.

Mimi njo nilisema pamba iongezwe. Mimi.

Alhamisi, 27

Tumetandika mbele ya duka ya Feza. Haya kubwa.

Motari wamejaa pale wanangoja wateja, wako na kaptula na singileti. Mumoya alianza: «Mama, unauza koti ao godoro?» Mwingine: «Ile nyekundu ina nafasi ya bibi na batoto yote!» Wa tatu akavaa ile ya bleu, akafunga zipu mupaka kidevu, akaanza kujipepea, akajiangusha chini kama amezimia. Wenzake walimumwagia maji. Soko yote ilikuja kuangalia.

Feza alitaka kugombana nao. «Nyamazeni! Huyu ni dada yangu mukubwa, ametoka mbali!» Wakajibu: «Ametoka ku friji!»

Solanje hakulia. Aliokota ile koti yenye maji, akaipangusa, akaiangalia mupaka nikafikiri amerukwa na akili. Mimi nililia nyuma ya nyumba, ku choo, ili asinione. Nilijenga aibu ya mutoto wangu na mukono yangu mwenyewe. Hakuna mwenye kununua hata moya.

Siku ya Mungu, 30

Naandika mbio, nisisahau hata kitu.

Baada ya ibada mvula ilianguka. Siyo mvula ya kwetu yenye kunongona. Hii ya huku inapiga muntu kama deni. Feza alikuwa ametupa koti yetu moya juu ya mufuko wa unga mu mulango. Motari walikuja kujificha, wamelowa mupaka mufupa, wengine wamejifunga mifuko ya plastiki yenye kupasuka. Wanatetemeka. Wale wale. Kumbe joto ya huku haina maana ikiwa muntu amelowa juu ya pikipiki.

Solanje hakuwaangalia wao. Aliangalia koti ya juu ya unga. Maji ilikuwa inateleza kama ku jani ya magimbi. Akainua. Unga mukavu.

Akaomba Feza wembe. Akapasua koti mu tumbo.

Nilipiga kelele! Koti mupya, yenye haijavaliwa! Nilimushika mukono. Akasema polepole: «Mama, pamba ya baridi njo iko ndani. Ngozi ya mvula iko inje. Tunabakisha ya inje.» Akavuta pamba yote, ile ya mwanzo na ile niliongeza, ikatoka kama matumbo ya kondoo. Ikabaki ngozi tu. Nyepesi. Inaingia mu ngumi.

Niliacha mukono yake. Naogopa bado. Lakini niliacha.

Ijumaa, 5 mwezi wa tano

Kazi. Kazi. Kazi. Meza tumeazima kwa fundi wa jirani. Mimi natoa pamba, Solanje anashona. Suruali inakuwa mukia ya koti, inashuka ifunike kiti ili motari asikalie maji. Mikono imeongezeka, ifike ku vidole wakati ameshika usukani.

Mahali sindano ilipita, maji inapita. Hiyo ilimusumbua siku mbili. Alimwaga ndoo, akaweka mukono ndani, akatikisa kichwa. Leo alichukua buji, ule mushumaa, akasugua uzi wote na ile mafuta ya buji, kisha akapitisha pasi ya makaa na karatasi juu. Akamwaga tena. Akanitolea mukono. Mukavu. Hakucheka, alirudi kushona. Mimi njo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mangaribi Papa Rigo alikuja. Yeye njo prezida wa motari wa hapa, muntu mukubwa, sauti kubwa zaidi. Kesho anabeba muteja mupaka Hombo. Alivaa ya kwanza. Akajizungusha. Vijana wakaanza: «Prezida amekuwa popo!» Yeye akamuambia Solanje: «Nikirudi shati kavu, motari wangu wote wanashona kwako. Nikirudi nimelowa, kesho yake unapanda kurudi kulima maharagi, na mimi nitakubeba bule.»

Watu walicheka. Solanje akasema: «Rudi salama kwanza, Papa.»

Nikasikia mugongo yangu inanyooka. Mutoto wa nani anajibu hivyo?

Juma ine, 9

Bado hajarudi. Mvula siku zote. Barabara ya Hombo, wanasema lori imekwama na daraja moya imeinama.

Sasa siogopi koti. Naogopa muntu. Iko na bibi, iko na batoto, nimewaona ku kanisa. Nikifunga macho naona tope. Kama amepatwa na kitu amevaa nguo ya mukono ya mutoto wangu, nitasema nini?

Solanje anashona tu. Nimemuuliza kama hana mawazo. Alisema anayo, lakini anaiweka mu mguu, njo maana masini inakimbia. Feza alipika sombe, ile majani ya muhogo, na samaki. Sahani yangu nilirudisha.

Juma tano, 10

Amerudi!!

Alisikilika kabla ya kuonekana, anapiga honi tangu mwanzo wa soko. Pikipiki haionekani rangi, ni tope inatembea. Uso tope. Viatu tope. Koti, maji inashuka. Hakushuka ku pikipiki. Alingojea watu wajae, ule muntu anajua kungojesha. Motari wote, wenye duka, wamama wa ndizi. Solanje alisimama ku masini yake na uzi mu meno.

Akafungua zipu polepole. Akashika shati, akaivuta mbele, akaipiga na kofi. Kavu! Akatoa mu mufuko ya kifua karatasi zake za pikipiki, kavu! Akatoa sigara, akawasha, akavuta mbele ya wote.

«Shingo tu njo inaingiza maji,» alisema. «Hapa nyuma. Ongeza kipande.»

Solanje akatoa uzi mu meno. «Nilijua shingo. Vua, nipatie.»

Hivyo tu! Mbele ya soko muzima. Vua, nipatie. Na prezida akavua.

Ule kijana wa kujiangusha chini juma ile ingine njo alikuwa wa kwanza mu mustari. Feza akamusukuma na kiwiko: «Wewe si ulizimia? Rudi nyuma, upone kwanza!» Kijana mwenyewe alicheka kuliko wote. Papa Rigo akauliza na sauti yake kubwa: «Huyu ni mutoto wa nani?»

Wa kwangu! Nilipaza sauti sana. Wa kwangu, wa Kingi, wa mulima! Nilisikia sauti yangu imefika ngambo ya barabara. Sina haya. Nimekaa na haya siku za kutosha.

Hata kombinezo nyekundu inatafutwa. Wanaume watatu wanaigombania. Kule kwa wazungu ilikaa mu kabati, haikuona hata jasho. Hapa haitapumuzika.

Siku ya Mungu, 21

Niko nyumbani, Kingi. Solanje amebaki Mubi kwa Feza, na masini. Nyumba iko na nafasi mingi. Nimeweka sahani yake ku meza kwa kosa, kisha nimeitoa.

Nilimuelezea Papa yote. Alisikiliza mupaka mwisho, akaniomba nianze tena pale ya shati. Nikaanza tena. Akaenda ku shamba, na ku njia nilimusikia anaelezea jirani, ameongeza uongo kidogo. Habari ya kuuza masini hakuna tena mwenye kuitaja.

Leo baada ya kanisa nilikuwa napepeta mbele ya nyumba. Motari mumoya akapita, anatoka Walikale, anatafuta fromaji, ile jibini ya kwetu, na maharagi ya kupeleka. Sikumujua. Amevaa ile koti ya Solanje. Mukia yake ndefu, buji ku uzi, kipande ya shingo. Imechafuka kabisa, huwezi kusema kama ilikuwa bleu ao kijani. Mufuko moya umeshonwa tena na mukono, uzi mweusi, mbaya.

Aliomba maji ya kunywa. Nilimupatia. Alisema barabara iko mbaya lakini inapitika.

Nilitaka kumuambia ni mutoto wangu aliishona. Nilikuwa na maneno mu mulomo tayari. Nikaangalia jinsi amefunga zipu, bila kuiangalia, kama muntu anafunga mulango ya nyumba yake.

Koti ni yake sasa. Nikasema tu aende polepole. Akaenda. Nilisimama pale mupaka sikusikia pikipiki tena, kisha nikarudi ku ungo yangu.