Koili Zako Zimefika

Baba, shikamoo.

Huku tu wazima. Mjukuu wako ameota jino. Koili za waya ulizosokota nimezifunga pamoja na kapasita, vile vihifadhi umeme vidogo, kwenye kichujio cha redio, kile kinachopitisha mawimbi yanayotakiwa tu. Nilipopima, mstari kwenye skrini ya kipimo uliruka kama mwenye homa. Fundi mkuu wa karakana yetu akaguna, "Mikono ya mzee inatetemeka siku hizi, au sio?" Nikaanza kukagua upya kiungo kimoja kimoja.

Kumbe rezista, kile kizuizi cha umeme, ya mwanzoni mwa kichujio niliiweka, ya mwishoni nikaisahau! Mawimbi yalikuwa yanafika mwisho, yanakosa pa kupokelewa, yanarudi mbio. Nikailehemu, kitu kidogo kama punje ya mchele. Baba, mstari ulinyooka kama shuka lililopigwa pasi! Fundi mkuu alifuta miwani, akatazama tena.

Ile mashine ya kusokotea usimpe mtu. Nasubiri koili nyingine.

Binti yako