Kikapu Changu Kwenye Foleni ya Kyoto

Jumanne usiku, Kyoto

Miguu imevimba. Foleni gani hii ya kuingia hekaluni, inashinda ya malori pale mpakani Malaba!

Nilipochoka niliweka kikapu chini kinishikie nafasi, vile tunafanya na mitungi mferejini kule Burumba, nikaenda kukaa kivulini. Walio mbele wakasonga. Walio nyuma wakabaki wamesimama nyuma ya kikapu, kimya, hakuna aliyekipita. Nyumbani mtu angekisukuma tu na mguu.

Binti yangu Nekesa akakimbia kukichukua, akawainamia wote akiomba msamaha.

“Mama, hapa kwetu hatufanyi hivyo.”

Hapa kwetu.

Na mimi nimekuja kumwambia arudi. Chumba chake nimeshakipaka rangi.