Baba, Maji ya Samaki Wako Yamegeuka

Baba,

Maji ya samaki wako yamekuwa kijani, na ninaogopa. Nakuandikia wewe kwa sababu katika nyumba hii siwezi tena kutaja maji bila mtu kusikia sumu.

Siku ya kwanza ya kilio wanaume walitoa kila kitu sebuleni ili watu wapate pa kukaa. Walitoa meza yako, viti, na lile sanduku la kioo ulilolitengeneza mwenyewe, ukaziba pembe zake kwa lami ya mitumbwi. Walilibeba na samaki ndani, maji yakiwamwagikia miguuni, wakaliweka barazani upande wa ziwa, jua linapopiga tangu linapochomoza. Nilitaka kusema. Lakini nilikuwa ninalia, na msichana anayelia haulizwi samaki wakae wapi.

Kisha watu wakaanza kuwalisha. Unajua desturi yetu: kwenye kilio hakuna mdomo unaoachwa mtupu. Kila aliyepita na sahani yake alimega ugali kidogo akautupia ndani. Wa kwanza alikuwa dada yako, Shangazi Riziki, alipofika kutoka Lweba. Alisimama mbele ya kioo, machozi yakimtoka, akasema, "Nayo ikule. Iko yatima sawa siye." Hata mimi niliona ni neno zuri. Ugali ukalala kwenye mchanga, ukavimba, ukaoza.

Wewe ulikuwa ukiniambia, "We mutoto, samaki haikulake sawa muntu. Uipe kidogo, kisha utoke." Na kila asubuhi kabla ya kwenda karakana ulichota maji ya chini, kidogo tu, ukarudishia maji mapya ya ziwa, ukiyapitisha juu ya kiganja chako ili samaki wasishtuke. Nilidhani yalikuwa mapenzi tu. Kumbe ilikuwa pia kazi, na hakuna aliyeirithi.

Mwanzoni maji yalifanana na yale yaliyooshewa mboga. Baadaye yakawa sombe kabisa, kama majani ya muhogo yaliyotwangwa. Ute ukashika kioo, nikawa siwaoni samaki ila wanapokuja kugusa kwa midomo.

Hapo Shangazi akaacha kuwalisha. Akawa anayatazama maji, kisha anamtazama Mama. Jikoni, mbele ya wanawake wote, akasema, "Mayi ya marehemu haigeukake bure. Kuko kitu ndugu yangu alikula."

Baba, chakula chako cha mwisho alikipika Mama. Wote wanajua. Ulikula, ukashika tumbo, na asubuhi hukuiona. Mganga wa dispensari alisema ni ugonjwa wa ndani ulioanza zamani. Lakini yeye alisema mara moja akaondoka. Shangazi yuko hapa kila siku.

Kesho tunatoa matanga, kilio kiishe. Baba Mkubwa anashuka kutoka Fizi na ndugu zako wengine, na Shangazi ameshasema atawaonyesha sanduku. Wakimtaja Mama, atarudishwa kwao Makobola na nguo aliyovaa, na wadogo zangu watabaki huku. Mama anajua kwamba mjane anayejitetea huhesabiwa amekiri. Usiku namsikia anavyopumua, na najua halali.

Nimefanya nililoweza. Jirani yetu Mama Safi alinisaidia kulirudisha sanduku ndani, mbali na dirisha. Nikautoa ugali uliooza kwa kikombe. Nikasugua kioo kwa kitambaa mpaka vidole vikanuka matope. Sikuthubutu kubadili maji yote, kwa maana yule jike wa rangi ya udongo amefumba mdomo na koo lake limevimba. Ni wewe uliyenionyesha kwamba hivyo ndivyo anavyobeba watoto wake. Nikimshtua, atawatema au atawameza. Basi nabadilisha kidogo kidogo, kama wewe. Halafu nimelifunika sanduku lote kwa blanketi, maana kijani hiki kinakula jua. Kikinyimwa jua, kinakufa.

Mama Safi aliona blanketi, mkononi ana ndagala, dagaa wa ziwa letu, akasema, "Munaifunika macho juu isione tunakula bandugu yake?" Nilicheka, Baba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke. Lakini Shangazi alikuwa mlangoni. "Banafunika sawa maiti," akasema.

Leo asubuhi niliinua pembe ya blanketi. Kijani kimepungua. Niliona mkia, kisha mchanga. Ningefurahi, lakini nikalishusha blanketi tena. Maana yakiwa kijani kesho, Shangazi atasema maji yanashitaki. Yakiwa meupe, atasema tumefua ushahidi gizani. Maji hayatamwokoa Mama. Nimeyahangaikia siku zote hizi, na hayatamwokoa.

Limebaki neno tu. Mtu aseme mbele ya Baba Mkubwa kwamba ni jua, na ugali, na mikono yetu sote. Na kwamba mkono wa kwanza ulikuwa wa Shangazi, naye alifanya hivyo kwa kukupenda. Masista wa shuleni walinifundisha kuandika. Hawakunifundisha kusimama katika kikao cha wakubwa na kumtaja dada ya baba yangu. Nimejaribu maneno hayo peke yangu, na kila nikifika kwenye jina lake sauti inakatika. Naogopa atanichukia maisha yake yote. Naogopa zaidi kwamba nitanyamaza.

Pumzika, Baba. Sitakuomba uje unisaidie, umeshachoka. Nakuahidi hili moja. Kesho, kabla yeyote hajamwuliza Mama neno, watanikuta nimekaa mbele yake. Mimi si mgeni wa ukoo wao kama yeye. Mimi ni damu yao, nina uso wako, na itawabidi waanze na mimi.

Binti yako,
Eliza