Glavu Nyeupe Mhunze

Dada Rehema, shikamoo kutoka Mhunze, ambako jua linachoma na mimi nimejiaibisha.

Nimefuata karatasi za ushirika wa pamba alizoacha marehemu mume wa Mama Kulwa, zihifadhiwe kwenye maktaba yetu ya chuo. Nilivaa glavu nyeupe, nikamwambia chakula alichoniandalia kisisogee karibu nazo. Akafunga sanduku la karatasi.

"Kama hutaki chakula changu, na karatasi zangu uziache."

Basi nikavua glavu, nikala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikanywa mtindi. Akafurahi, akanikabidhi sanduku lote. Karatasi zilipona mvua na mchwa bila doa. Doa la kwanza ni la mtindi ulionidondoka kidevuni ukaangukia karatasi ya juu.

Nawakumbuka sana. Bosi wangu akikuuliza, mwambie nilivaa glavu.

Mdogo wako,
Hamisi