Mjane wa Kitabuni na Isale la Mpakani

Jumamosi, 5 Julai

Ukungu tangu alfajiri. Nimemenya kahawa debe zima, mikono inanata mpaka sasa. Nikanawa, nikajifunga kitenge kisafi, nikavuka mpaka wa mashamba yetu kwenda kwa Mama Beni. Jumamosi ni siku ya vitabu.

Tuko wanne. Mama Beni mwenye baraza, jirani yangu tangu tulipoolewa huku Uru, na sasa mjane kama mimi. Mzee Kanuti, mfanyabiashara mstaafu wa mahindi, anapanda kutoka Himo. Na Mwalimu Hepi wa shule ya msingi, binti mdogo, anasoma kwenye simu. Kila mmoja anasema anasoma nini na anakionaje. Kanuni aliiweka Mama Beni mwenyewe: ukweli mtupu, na hakuna kusema "kizuri" halafu ukanyamaza.

Leo akataka nianze mimi. Kitabu ninachosoma ni chake, kaniazima. Riwaya ya mjane wa miaka sitini anayeolewa tena. Nikaanza. Nikasema mwandishi katuona wajinga. Bibi mwenye wajukuu anavaa shela? Mguu mmoja kaburini, mwingine kwenye keki? Hepi alicheka hadi akamwaga chai. Nikanogewa. Nikasema mwanamke kama yule angenunuliwa rozari, si pete.

Mzee Kanuti aliangalia migomba. Mama Beni hakucheka. Alikusanya vikombe chai ikiwa bado imo, akasema ng'ombe anamwita. Mimi sikumsikia ng'ombe.

Jumapili, 6 Julai

Misa ya kwanza. Tangu tufiwe tunakaa benchi moja, upande wa kwaya. Leo kakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mgeni. Wakati wa kutakiana amani nilimpungia mkono. Akaangalia viatu vyake.

Amenuna. Mtu mzima ananuna kwa ajili ya mtu wa kwenye karatasi! Atapoa. Mimi siombi radhi kwa maoni yangu.

Jumanne, 8 Julai

Hakuna maziwa.

Kati ya kihamba changu, yaani shamba la nyumbani, na chake kuna safu ya masale, yale majani marefu tunayopandia mipaka, na katikati ya safu kuna jiwe bapa. Kila asubuhi naweka pale vipande vya mgomba kwa ajili ya ng'ombe wake. Yeye ananiachia chupa ya maziwa. Hata wiki aliyomzika mumewe chupa ilikuja. Leo jiwe tupu. Mgomba wangu wa jana uko palepale, umeanza kuwa mweusi.

Chai ya rangi. Nimeinywa kwa hasira, nikaungua ulimi. Labda ndiyo dawa yake.

Jumatano, 9 Julai

Ujumbe kwenye kundi letu la simu. "Jumamosi hatutakutana. Poleni." Basi. Hepi kauliza kulikoni, akauliza tena, akaweka vile vikatuni vinavyolia. Hakujibiwa.

Mimi sikuuliza.

Alhamisi, 10 Julai

Dukani kwangu mjini, nyuma ya soko. Nilikuwa nampimia mteja mbegu za karoti, nikamwona Mzee Kanuti mlangoni, kofia mkononi. Nikamwamkia. Akaitikia, akangoja mteja aondoke. Nikajua hakufuata mbegu wala dawa ya kupulizia mahindi.

Aliongea kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. Jumamosi ile yeye na Mama Beni walikuwa watutangazie kwamba wanataka kufunga ndoa. Mama Beni ndiye aliyepanga nianze mimi, na kitabu kile. Alimwambia kwamba mimi nikikipenda, basi hata mwanawe Beni atamweleza bila woga. Sasa amemjibu Mzee Kanuti hapana. Amesema nilichosema mimi kwa kucheka, Uru nzima itakisema kwa kununa.

"Sina ugomvi na wewe, Mama Neema. Nimeona ujue tu."

Akavaa kofia, akaondoka. Nilikosa pa kuweka mikono. Nikafunga duka jua likiwa bado juu, jambo ambalo sifanyi hata nikiwa na homa.

Rozari, si pete. Nilisema hivyo mbele yao wote wawili. Mungu wangu.

Ijumaa, 11 Julai

Sijaenda dukani. Nimekisoma kitabu mpaka mwisho. Ndiyo, mpaka mwisho, kwa sababu Jumamosi nilikuwa nimefika katikati tu. Nilifika kwenye shela, nikakifunga, nikaenda kuhukumu.

Nusu ya pili siyo ile niliyoidhani. Mjane yule, baada ya harusi, kila asubuhi anamimina vikombe viwili kwa mazoea, kimoja cha marehemu. Mume mpya anakikuta mezani. Anakaa, anakinywa, haulizi kilikuwa cha nani. Hapo nilikiweka kitabu chini. Nikaenda kusimama mlangoni kwa muda.

Mwisho wake ni mbovu. Mwandishi kachoka, kaua watu wawili kwenye ukurasa mmoja ili apate pa kumalizia. Hilo silifuti.

Lakini niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka. Nilikuwa nimeona. Niliona siku nyingi namna Mzee Kanuti anavyopokea kikombe kwa Mama Beni, kwa mikono miwili, na namna anavyokuja na kofia mpya kila mwezi. Akiolewa atahamia Himo. Hakuna mwanamume wa huku atakayehamia kwenye kihamba cha marehemu. Nitabaki na migomba na lile jiwe. Niliogopa. Nikamtukana mwanamke wa kitabuni kwa sababu huyo hawezi kunijibu.

Kesho nampelekea isale. Maneno nimeshayatumia vibaya, hayatoshi tena. Huku kwetu ukimkosea mtu kweli unampelekea jani la isale lililofungwa fundo. Likishafika, halikataliwi. Mama mkwe wangu alikuwa akisema isale limewahi kusuluhisha mambo mazito kuliko mdomo wa mkwe wake. Alikuwa ananisema mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Niliamka mapema nikachague jani zuri. Masale ya nyuma ya nyumba yangu yameliwa na mbuzi. Mazuri, manene, yako pale kwenye jiwe. Nilikuwa na panga kwa ajili ya kukata majani ya mbuzi baadaye. Nikashika shina moja, nikavuta jani. Udongo umelowa ukungu wa wiki nzima. Isale lote likang'oka na mizizi yake, nami nikakaa chini matopeni.

Nilikata jani langu, nikalifunga fundo. Nikawa ninainuka, panga mkono mmoja, isale la mpaka mkono wa pili, shimo miguuni. Mama Beni akafungua banda la ng'ombe.

Watu wa huku husameheana matusi. Hawasameheani mpaka. Mume wake alikufa kesi yake na mdogo wake haijaisha, kesi ya masale yaliyosogea. Kila mtu anajua. Mimi ndiye niliyekuwa namsindikiza Mama Beni kwenye baraza la kata.

"Mama Neema! Maneno hayakukutosha, sasa unataka na mpaka?"

Mimi mwenye mdomo wa kutosha kijiji kizima, nikakosa neno moja. Lilipokuja alikuwa ameshaingia ndani. Nikamsikia anapiga simu. Anamwita Beni. Na balozi wa nyumba kumi.

Nimerudi nyumbani na jani langu. Nimeliweka kwenye bakuli la maji, juu ya kabati. Nalia kama mtoto na nimekasirika. Nimemkasirikia nani, sijui. Mbuzi, nadhani.

Jumapili, 13 Julai

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Baada ya misa Beni alipanda kutoka mjini. Balozi, Mzee Sabasi, akaja na fimbo yake. Tukasimama kwenye jiwe, mimi upande wangu, Mama Beni wake. Beni aliniamkia, shikamoo kavu kama ya polisi. Nimemlea yule. Mama yake alipougua, nilimnyonyesha mimi pamoja na mwanangu Neema.

Balozi akaangalia shimo. Akaangalia isale lililolala. Akaniuliza nimeling'oa kwa nia gani.

Nilifungua upindo wa kitenge nikatoa jani. Lilikuwa bado bichi. Fundo katikati.

Mzee Sabasi alivua kofia kwanza. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Huyu haibi mpaka, huyu anaomba radhi! Ubalozi wangu wote sijaona mtu anang'oa mpaka ili asamehewe!"

Nikalishika kwa mikono miwili, nikamnyoshea Mama Beni juu ya jiwe. Nikasema, "Nimekukosea, dada." Sijawahi kumwita dada. Sijui neno lilitoka wapi.

Hakulipokea. Aliliangalia tu. Ndipo Beni akauliza: "Mama, kwani amekukosea nini?"

Nikaelewa kwamba nimemtia Mama Beni kwenye mtego mwingine. Akilipokea bila kusema, mwanawe atabaki na swali. Akisema, basi amesema. Nilitamani nirudishe mkono, lakini isale ukishalinyosha hurudishi.

Mama Beni akavuta pumzi. "Nataka kuolewa. Yeye alinicheka bila kujua."

Beni alikaa juu ya jiwe, penye mgomba uliooza, na suruali yake ya kanisani.

"Na nani?"

"Mzee Kanuti."

"Yule wa vitabu?"

"Yule wa vitabu."

Beni akajipangusa uso kwa kiganja. Nilikuwa nasali, sijui sala gani, zote pamoja. Kisha akasema, "Mimi nilidhani kweli mnasoma." Mdomo wake ukacheza upande mmoja, kama wa baba yake. Mama yake akaanza kucheka na kulia, balozi akaanza upya, na mimi mkono wangu bado uko hewani na jani.

Akalipokea. Kwa mikono miwili.

Ah, nimepumua. Sijui nilikuwa nimebana pumzi tangu lini. Beni alisema atahitaji siku kadhaa, asisukumwe, lakini hatasimama njiani. Mama Beni akanivuta kando kabla sijaondoka. "Na kitabu?" Nikamwambia ukweli: mwisho mbovu, mwandishi kachoka, lakini mjane hana kosa, na kile kikombe cha pili kimenishinda. Akasema hata yeye mwisho haukumpendeza. Alikuwa anangoja mtu wa kumwambia.

Jumatatu, 14 Julai

Chupa iko kwenye jiwe. Imejaa mpaka shingoni.

Jumamosi, 19 Julai

Tumekutana. Machalari ya ndizi na nyama, maparachichi, chai ya tangawizi. Mzee Kanuti alitangaza akiwa amesimama, amefunga hadi kifungo cha shingo. Hepi alipiga kelele hadi kuku wakakimbia. "Jamani! Mpo siriasi? Nimewaship toka siku nyingi!" Sijui maana yake nini, ila alimkumbatia kila mtu, na mimi mara mbili.

Kisha vitabu, maana kanuni ni kanuni. Hepi kaacha hadithi yake ya kwenye simu, haina mwisho. Mzee Kanuti anasoma habari za ujenzi wa reli, anasifia ramani. Mama Beni hajasoma kitu wiki nzima, akakiri bila aibu.

Mimi nikaombwa niwe msimamizi wa ndoa. Nikasema nitavaa viatu vya chini na sitashika maua. Wamekubali masharti. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi, mwanamke wa umri wangu.

Jumapili, 24 Agosti

Harusi ilikuwa jana. Mama Beni alivaa shela. Fupi, ya rangi ya maziwa. Nilimfunga mimi mwenyewe na pini ilinichoma. Beni alimsindikiza mama yake hadi altareni, akamkabidhi, akarudi kukaa karibu nami. Alinishika mkono mpaka mwisho wa misa.

Leo mchana wamekwenda Himo. Atakuja kila Jumamosi, ameniapia, na Mzee Kanuti ameniapia peke yake pembeni, kofia mkononi. Ng'ombe hawezi joto la kule, ameachwa kwangu. Sasa hivi anatafuna mgomba nyuma ya dirisha. Nyumba ya Mama Beni naiona kutoka hapa, madirisha yamefungwa. Inauma. Siyo kama nilivyoogopa.

Jioni nilikwenda kwenye jiwe kuzoea. Shimo limefukiwa. Lile isale langu nililoling'oa, kumbe Mama Beni alilihifadhi kwenye ndoo ya maji wiki zote hizi, na kabla ya kuondoka amelipanda tena. Lina jani jipya.

Amelipanda hatua nzima ndani ya kihamba changu.

Nimesimama pale nikalitazama. Safu imenyooka, ila palipo jiwe inapinda kuja kwangu. Siyo bahati mbaya, Mama Beni hafanyi mambo kwa bahati mbaya. Maoni ninayo, na mazito.

Nimelimwagilia maji. Nimerudi nyumbani kukamua ng'ombe.